Mashine Iliyovaa Kitambaa

Ulikuwa ule mwaka tuliokula mnofu wa mbuta, yule samaki mkubwa wa ziwa letu. Mtu asiyekaa Kisumu hawezi kujua uzito wa maneno hayo. Miaka yote kabla ya hapo mnofu ulikuwa wa Wazungu. Viwanda viliuchuna, vikaufunga kwenye barafu, ukapanda ndege, na sisi tulioachwa ufuoni tukauziwa mgongo wazi: kichwa, mkia, na katikati mifupa mitupu kama kitana. Mimi mwenyewe nilikaanga mgongo wazi pale Mamboleo miaka mingi, na wateja waliulamba hadi ukang'aa. Halafu mwaka huo Wazungu wakasema samaki wetu ni wachafu, hawawataki. Viwanda vikapunguza watu, bei ikaanguka, nyama nyeupe ikarudi kwa wenyewe. Redioni wakubwa walilia kwamba taifa linapata hasara. Sisi hatukuwasikia vizuri, tulikuwa tunatafuna.

Ndio mwaka mwanangu wa kwanza alipoleta skana.

Nieleze kwanza. Baba yake, mume wangu, alikuwa mpiga picha. Alipofariki aliacha studio ndogo nyuma ya soko: chumba cha mbele chenye pazia lililochorwa maua na ngazi isiyoenda popote, na nyuma chumba cha giza, bila dirisha, juu mabati. Humo ndimo alimosafishia picha. Alikuwa na mashine ya kukuzia, ndefu, kichwa kimeinama juu ya meza kama korongo anayechungulia omena, dagaa wa kwetu. Mwanangu alirithi vyote hivyo. Mimi nilibaki na haki ya kusema ninachotaka, maana ile studio ilijengwa kwa samaki wangu kabla haijaendeshwa kwa picha za mtu yeyote.

Skana ilikuwa kisanduku cha rangi ya maziwa, kinakaa mezani kando ya kompyuta. Unakilisha negativu, kile kipande cha filamu, taa iliyo ndani inaimulika, na sura ya mtu inatokea kwenye kioo cha kompyuta. Hapo mwanangu anaweza kuondoa pazia na ngazi, akamweka mtu mbele ya bustani au mawingu. Aliinunua kwa fundi mmoja wa Nairobi, ikiwa imeshatumika kwa mwingine, na ili aipate alimuuza yule korongo wa baba yake kwa mpiga picha wa Bondo. Hakuniuliza. Nilisikia sokoni, kwa muuza nyanya.

Ukitaka kujua kwa nini aliihitaji, kumbuka tulivyokuwa tunazika miaka ile. Ugonjwa wenyewe sitautaja, kila nyumba inaujua. Na kwetu mtu hazikwi kimyakimya. Lazima picha yake kubwa iwe kwenye fremu, ifungwe mbele ya gari linalompeleka nyumbani, ili barabara nzima ijue ni nani anayepita. Lazima na kijitabu cha ibada, sura yake juu. Mwanangu alipiga hesabu akaona harusi zinapungua na matanga yanaongezeka, akanunua mashine ya matanga. Alikuwa na akili ya biashara, simnyimi sifa.

Fundi wa Nairobi alimpa masharti, mimi nikiwepo. Alisema taa ya humo ina umri wake, na umri huo unaliwa kila saa inapowaka, kuwe na kazi kusiwe na kazi. Akasema nyuma kuna feni ndogo ya kutoa joto, mashine iachwe ipumue. Mwanangu aliitikia kwa kichwa kama mtu anayesikiliza mahubiri: kwa heshima, bila nia ya kufuata.

Unajua stima yetu. Inakwenda inarudi, na ikirudi inarudi na hasira, balbu zinapasuka. Kwa hiyo watu wa Kisumu wana imani moja: taa iliyokubali kuwaka usiiguse. Tena ile ya skana ilitaka muda ipate moto ndipo picha itoke sawa, na mtu mwenye msiba hapendi kungoja. Basi mwanangu akaiwasha asubuhi akifungua duka, akaizima jioni akifunga. Na mashine yenyewe aliiweka wapi? Kwenye chumba cha giza, kwa kuwa kilikuwa na mlango wenye kufuli. Chumba kisicho na dirisha, chini ya mabati, Kisumu.

Halafu wakaja wanawake wa kanisa letu kuiombea. Mwenyekiti wao alileta zawadi, kitambaa cheupe alichofuma mwenyewe kwa sindano ya kroshia. Kwetu hakuna kitu kinachokaa uchi ndani ya nyumba. Redio ina kitambaa, chupa ya chai ina kitambaa, kiti kina cha mgongoni na cha mikononi. Mwenyekiti aliona aibu kuiona mashine ya maana hivyo iko wazi. Alikuwa amekuja kuipima kwa kamba siku za nyuma, kama mtu anayepima mtoto sare ya shule, na kitambaa kilikaa kama ngozi: kizito, kimefunika juu, ubavuni na nyuma, mbele ameacha mdomo wa kulishia negativu, chini pindo refu la nyuzi.

"Sasa imekuwa mtu," alisema.

Mwanangu angekiondoaje? Hao wanawake ndio walioamua nani anapiga picha za matanga ya nani. Mashine ikavaa kitambaa, kikakaa.

Mimi nilikuwa na jambo langu. Binti yangu, dada yake huyo mwenye studio, alikufa mtoto wake hajaanza kutembea. Mtoto nilimlea mimi. Mwaka huo alikuwa darasa la nane, na sisemi kwa kujisifu kwamba alikuwa wa kwanza darasani. Nasema kwa kuwa alikuwa wa kwanza. Mama yake alipigwa picha moja tu nzuri, na baba yake, mwaka wa njaa, tulipokula mahindi ya njano ya msaada, akiwa na mimba ya mtoto huyo huyo. Ilikaa ukutani kwangu hadi mvua kubwa zilipopasua paa na maji yakaingia nyuma ya kioo. Tulipoibandua, mwili ulitoka na karatasi, uso ukabaki kwenye kioo. Nilikwangua kwa ukucha, ukawa uji.

Ikabaki negativu, ndani ya mkebe wa kakao, chini ya kitanda changu. Kipande cha plastiki kisichozidi kidole, na duniani hakukuwa na kitu kingine chenye sura ya binti yangu. Mjukuu alikuwa akiniomba mkebe, akakishika pembeni kama nilivyomfundisha, akakiinua dirishani. Kwenye negativu, unajua, kila kitu ni kinyume. Nguo nyeupe ni nyeusi, nywele nyeusi ni nyeupe.

"Dani, mama amekuwa mzee," aliniambia siku moja.

Dani ni bibi, kwetu. Nami nilikuwa nimeliona hilo, na nilikuwa na mazoea ya kukaa nikimtazama hivyo peke yangu. Ndiyo njia pekee aliyopata ya kuota mvi.

Lakini mtoto hawezi kwenda shule ya bweni na mama wa kinyume. Januari angeingia kidato cha kwanza, na alitaka sura ya mama yake ndani ya sanduku lake, iliyo sawasawa, kama wenzake. Nilimwahidi. Kwa hiyo siku moja nikapita studio.

Mwanangu alinipokea vizuri. "Mama, hata usiseme. Lete ile negativu ya dada. Nitamtoa mkubwa, nitamwekea mbingu ya bluu."

"Mbingu alishapata."

"Basi maua."

Niliingia chumba cha giza. Jasho lilinitoka kabla sijakaa. Niliweka kiganja juu ya kitambaa cha mwenyekiti, nikauondoa mkono upesi.

"Hii ina homa?"

"Inafanya kazi."

"Sufuria yangu nayo ikifanya kazi huwa hivi."

"Mama, hii si sufuria. Ni kompyuta."

"Binti yangu haingii kwenye hilo jiko," nikasema, nikaenda zangu.

Baadaye watu walisema niliona mbele. Sikuona mbele. Nilikuwa nimenuna. Kama angeniuliza kabla ya kuuza mashine ya baba yake, huenda ningempa siku hiyo hiyo, na mkebe juu. Mjukuu wangu aliokolewa na kinyongo cha bibi yake, na wala sioni haya, kwa sababu wema wangu ungemponza.

Taa ikaanza kuzeeka. Kwanza mashati meupe yalitoka rangi ya chai ya maziwa. Halafu nyuso. Yeyote aliyeingia kwenye mashine hiyo akiwa mweusi kama chungu alitoka mwekundu-mwekundu, kama aliyekula vizuri na kupumzika. Mwanangu alihangaika, akajaribu kurekebisha kwenye kompyuta. Hakuna mteja aliyelalamika. Walikuja kuchukua picha, wakaiinua, mmoja akasema: "Mzee amependeza. Akiwa mzima hakuwa na rangi hii." Wakaanza kuja na maagizo: mfanyie baba yetu kama yule wa juzi. Marehemu wote wa Kisumu wakawa wa baba mmoja.

Kisha ukaja mstari. Picha zikawa zinatoka na mstari mwembamba, umekata paji la uso. Kuna familia ilipokea mstari huo ikasema ni kovu la utotoni, na shangazi wawili wakagombana mbele ya kaunta kama alilipata kwa ng'ombe au kwa baiskeli. Mwanangu aliwatazama, akafunga picha kwenye gazeti, akawapa.

"Ungewaambia," nilimwambia.

"Niwaambie nini, Mama? Wameshakubaliana ni baiskeli."

Nikamwuliza kama taa haijachoka. Akasema inawaka, si inawaka? Inayochoka ni ile iliyozimika.

Ndipo mume wa mwenyekiti akafariki. Yule yule mama aliyefuma kitambaa. Mumewe alikuwa fundi wa mabomba, mtu mpole, na picha yake nzuri ilikuwa moja, ya koti, aliyopigwa na mume wangu kwenye harusi ya mtoto wao. Mama akaleta negativu, akampa mwanangu mkononi, akasema kesho asubuhi wanatoa mwili mochari, picha iwe tayari jioni hiyo.

Mwanangu aliiweka kwenye mashine. Stima ikapotea. Jua lilikuwa la kupasua kichwa, mabati yalikuwa yanalia, naye akaona badala ya kukaa humo gizani aende kula. Alikuja kwangu, nikampakulia mnofu, akala, akaongeza. Huku nyuma stima ikarudi, mashine ikajiwasha, na negativu ya fundi wa mabomba iko tumboni.

Tulirudi pamoja, mimi nikiwa nimembebea chai. Tulisikia harufu kutoka mlango wa mbele, kama mtu anayechoma kitana. Mwanangu alikimbia, akachomoa waya, akavuta negativu kwa koleo. Ilikuwa imejikunja kama ngozi ya samaki iliyoanguka kwenye mafuta. Alijaribu kuinyoosha, ikakatika mikononi mwake. Akakaa chini sakafuni, mwanamume mzima mwenye watoto.

Mwenyekiti alikuja jioni. "Mzee wangu yuko tayari?"

Nilimweleza mimi, kwa maneno machache, kwa kuwa mengi yangekuwa ya kujitetea. Alikaa kwenye kiti cha wateja, akavua kitambaa cha kichwa, akakifunga upya. Kisha akauliza:

"Na mashine, imeumia?"

Fundi wa mabomba alikwenda nyumbani na picha ya kipande, ile ya kitambulisho, mbele ya gari. Mnaijua picha ya kipande. Hakuna Mkenya aliyewahi kupendeza kwenye kipande. Alikuwa ametoa macho kama mtu aliyeulizwa mbuzi wa jirani wako wapi, na hivyo ndivyo barabara nzima ilivyomuaga.

Fundi wa Nairobi aliitwa. Alifika, akaingia chumba cha giza, akatoka haraka kuvuta hewa, akarudi. Aliinua kitambaa kwa vidole viwili, kama nepi. Akafungua mashine nyuma. Ile feni ndogo ilikuwa imefungwa kwa nyuzi nyeupe, zimejizungusha, zimekaza, feni haitikisiki. Lilikuwa pindo. Feni ilikuwa imelivuta kidogo kidogo, siku baada ya siku, hadi ikajinyonga.

"Hii ni nini?" akauliza.

"Maombi," nikasema.

Hakucheka. Alitoa taa, akatuonyesha. Miisho yake yote miwili ilikuwa myeusi kama utambi. Akasema hii ilimaliza umri wake zamani, ilikuwa inajikokota tu, na joto lake lilikuwa halina pa kutokea: feni imefungwa, tumbo limefunikwa, chumba hakina dirisha. "Nilikwambia uiache ipumue."

Mwanangu alimwangalia fundi, akaangalia nyuzi, akaangalia kitambaa. Niliona jina la mwenyekiti linampanda kooni.

"Hilo neno limeze," nikamwambia kwa Dholuo. "Huyo mama amezika juzi."

Alilimeza. Kitambaa tukasema kimekwenda kufuliwa. Yule mama alipopita akaikuta mashine uchi, alitusikitikia, akaenda nyumbani akaanza kufuma kingine. Cha pili kilikuwa kizuri kuliko cha kwanza. Mwanangu alikiweka kwenye kiti cha wateja, na mwenyekiti akakikalia kila alipokuja, hadi naye alipolala. Hakujua. Nisingeyaandika haya akiwa hai.

Mtihani ukaisha, mjukuu wangu akafaulu kama nilivyotarajia na kuwatangazia watu mapema. Sanduku likanunuliwa, sare ikashonwa. Sikuwa nimetimiza ahadi.

"Dani," aliniuliza akikunja soksi, "nikifika huko wakiniuliza mama yako anafananaje, niseme nini?"

Tulikwenda Bondo kesho yake, mimi, yeye na mkebe wa kakao. Mpiga picha wa huko alikuwa mtu mfupi mwenye mikono ya njano ya dawa. Korongo wa mume wangu alikuwa kwenye kona, kichwa kimeinama vile vile. Nilimwuliza huyo bwana kama taa yake ina joto. Akasema taa yoyote ina joto, mama, ila hii inawaka muda wa kukonyeza tu halafu inazimwa. Nikamwambia akonyeze, mimi nimesimama hapa.

Karatasi yake ilikuwa ya zamani, alituonya. Akaizamisha kwenye karai chini ya taa nyekundu, na mjukuu wangu akainama juu yake hadi nywele zikakaribia kugusa dawa. Mwanzo hakukuwa na kitu. Kisha nywele za binti yangu zikaanza kuwa nyeusi. Mvi zote zilitoka mbele ya macho yangu, uso ukaja, mdomo ukaja, na hapo alikuwa, msichana zaidi kuliko nilivyokuwa nimezoea, anacheka.

"Anacheka nini?" mtoto akauliza.

"Babu yako alimwambia afunge mdomo, ugali wa njano unaonekana."

Picha ilitoka ya kijivu, kama mtu amesimama kwenye moshi wa jiko la kuni. Mtoto aliikausha kwa kuipulizia, akaishika njia nzima.

Mwanangu alipoiona aliumia. Sikupanga kumuumiza, ingawa sikuharakisha kuificha. Jumapili ya mwisho kabla ya shule alitupeleka studio, mimi na mtoto. Alikuwa ametoboa ukuta wa chumba cha giza, ameweka dirisha la waya. Feni kubwa ya mezani ilikuwa inaipulizia mashine. Taa mpya ndani, kitambaa hakuna.

"Gusa, Mama."

Niligusa. Sisemi uongo: ilikuwa baridi, kama mtungi.

Akaingiza negativu yake mwenyewe, ya ujana, akaitoa picha. Ilikuwa safi, kila uzi wa shati unaonekana, na rangi yake ilikuwa rangi yake. Mjukuu wangu aliitazama, akatazama ile ya kijivu mkononi mwake. Alikuwa mtoto mwenye adabu, hakuomba. Alisema tu, taratibu, "Dani, labda sasa ni sawa."

"Mara moja tu," mwanangu akasema. "Ataingia atatoka. Mama, yule ni dada yangu pia."

Hilo lilikuwa kweli, na lilinigusa. Nilikuwa nimekuja na mkebe. Sijui kwa nini nilikuja nao kama sikuwa na nia. Niliufungua, nikauangalia ndani. Taa ile ilikuwa mpya siku hiyo, lakini ya kwanza nayo ilikuwa na siku yake ya kwanza, na tangu tuingie haikuwa imezimwa. Mwanangu alikuwa anazungumza nami huku inawaka, haina kazi, inakula umri wake. Mtoto alikuwa ameshapata mama wa kutia kwenye sanduku. Aliyebaki kwenye mkebe ni wangu, mwenye nywele nyeupe.

Mwanangu alinyoosha mkono. Nilifunika mkebe, nikakikandamiza kifuniko hadi kikalia, nikamwambia:

"Binti yangu haingii kwenye hilo jiko."